Mke wa Magodoro Ashika Foleni

Siku Magodoro anaanza kazi mpya, nyumba nzima iliamka kabla yake. Mkewe alitoka kungali na giza la alfajiri, akapeleka ndoo zake bombani, akarudi kuwasha jiko. Bibi, yaani mama yake Magodoro, ambaye miguu ilishagoma lakini mdomo ulikuwa bado kazini, aliketi kitandani kwake akitoa amri kama mkuu wa kituo.

"Shati umelipiga pasi?"

"Nimelipiga, mama."

"Na kola?"

"Na kola, mama."

"Viatu vipakwe rangi. Sitaki mwanangu aende kama mtu anayekwenda kuomba."

"Vimepakwa tangu jana. Mama, hebu tulia, anayeanza kazi ni yeye, siyo wewe."

Bibi akacheka hadi akakohoa. Kicheko cha namna hiyo kilikuwa kimepotea humo ndani, na mke alisimama kidogo na kijiko mkononi, akakisikiliza mpaka kikaisha.

Jina la Magodoro alipewa na mtaa. Alikuwa amekata magodoro katika kiwanda kimoja tangu hajaota ndevu vizuri, mpaka siku kiwanda kilipofungwa wakaambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Hawakuitwa. Ikauzwa redio, ikafuata meza, likafuata kabati la vyombo, na mwisho likauzwa godoro lao wenyewe, lile alilolikata kwa mkono wake. Magodoro akawa analala kwenye mkeka, na watoto wa mtaani waliona jambo hilo linachekesha kupita kiasi.

Lakini si hayo yaliyomtisha mkewe. Vitu huuzwa, vitu hununuliwa. Kilichomtisha ni kwamba mumewe hakuacha kuamka. Kila alfajiri aliamka, akaoga, akavaa shati, akafunga viatu, akaenda kukaa barazani, macho barabarani, mpaka jua linamfukuza. Hakulewa, hakugomba, hakulalamika. Alikuwa anapungua tu, kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Kwa hiyo hospitali ilipotangaza nafasi moja kwenye chumba cha kufulia mashuka, na nafasi hiyo akaipata Magodoro, mke alilia huku anamenya vitunguu, ili apate cha kusingizia.

"Kutoka magodoro kwenda mashuka!" bibi alisema alipoletewa habari. "Wewe mwanangu kitanda kimekung'ang'ania."

Msimamizi wa kule kufulia alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, ambaye wafanyakazi walimwita Dakika. Mwenyewe alilijua jina hilo na alilipenda. Siku ya usaili alimwambia Magodoro bila kupepesa: "Mashine zangu haziulizi nani kafiwa wala nani kaumwa tumbo. Njoo na buti zako za mpira, sakafu yetu ni maji matupu. Na siku ya kwanza ukichelewa, usijisumbue kuingia. Nafasi ni moja. Namba mbili yupo, nimemwambia asubuhi hiyo hiyo aje akae benchi."

Basi Magodoro akanywa chai yake akiwa amesimama, akainamisha kichwa bibi akakishika akakiombea, akatoka. Mkewe alimsindikiza hadi mlangoni, akamnyoosha kola iliyokuwa imenyooka tayari.

"Nenda salama, baba. Usiwe na haraka, muda unao."

"Haya," alijibu Magodoro. Hakuwa mtu wa maneno. Alitaka kusema zaidi ya hapo, mdomo ukamfunguka, ukajifunga, akashika njia.

Na muda kweli alikuwa nao. Alikuwa nao mpaka wa kumwazima mwenzake.

*

Njiani alikuwa anafanya mazoezi ya salamu.

"Shikamoo, mama," alijiambia kimoyomoyo. Hapana, huenda yule ni mdogo wangu, nitamkera. "Habari za asubuhi, mkuu." Mkuu ni jeshini. "Habari za kuamka, dada." Weee! Dada siku ya kwanza? Ataniona nimekuja kumtongoza.

Kwenye njia panda alikaa fundi viatu, na genge lake la soli na gundi. Alipomwona Magodoro amevaa akavalika, akatoa msumari mdomoni ili amsalimie vizuri.

"Kazini, Magodoro?"

"Kazini, ndugu yangu!"

Jamani, hivi mnajua utamu wa neno hilo kwa mtu aliyelikosa mwaka mzima? Magodoro alilitamka, akasikia kifua kimepanuka, hatua zikawa ndefu zenyewe. Akapita njia panda. Kulia ni hospitali. Yeye alikata kushoto. Wala hakujua kwamba amekata, maana kichwa kilikuwa bado kinatafuta salamu, na miguu, ilivyosikia neno kazini, ilikwenda kule inakokujua. Alipita wauza mbao akawapungia mkono. Alivuka daraja. Aliufuata ukuta mrefu wa matofali, upande wenye kivuli, kama alivyoufuata miaka yote ya ujana wake, akafika kwenye mlango mdogo wa chuma, akagonga mara mbili.

Mlango ukafunguka kwa kelele ya kutu. Mlinzi mzee wa kiwanda, aliyeachwa hapo kulinda mabati, alitoa kichwa.

"Magodoro! Umefuata nini?"

Magodoro alimtazama mlinzi. Akatazama nyuma ya mlinzi, akaona majani yaliyoota mpaka kiunoni, na mbuzi mmoja amelala pale walipokuwa wanapakia magari. Jasho likamtoka mwili mzima kwa mpigo mmoja.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, siyo hapa."

"Siyo hapa nini?"

"Nimepata kazi. Leo naanza. Hospitali, kule kufulia. Hospitali!" Akaketi chini na suruali yake iliyopigwa pasi. "Nimechanganyikiwa, mzee. Ndiyo basi tena, akili imeniruka."

Mlinzi akataka kucheka, ndevu zikamtetemeka, lakini alipouona uso wa mwenzake akameza kicheko chake.

"Sikiliza. Yule mshona foronya, yule aliyehamia gereji, alinigongea hapa mara tatu. Na msimamizi wenu, na ukali wake wote, alikuja mara moja akajifanya amepita kunisalimia. Hukuchanganyikiwa. Ulizoea. Simama utachafua suruali."

"Yule mama hataki kuchelewa. Kuna mtu benchi anasubiri nichelewe."

Mlinzi alishaingia ndani. Alitoka na baiskeli yake, ya zamani, kengele yake peke yake ndiyo isiyolia, vingine vyote vinalia.

"Panda nyuma."

"Na lindo lako?"

"Nalinda nini hapa, mbuzi? Kutu haiibwi. Panda, wewe!"

*

Huku nyumbani, bibi ndiye aliyeona kwanza. Kitanda chake kilitazama nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango zilisimama buti mbili za mpira, zile walizoazima kwa mchimba visima.

"Mkwe wangu," aliita kwa sauti ya taratibu mno. "Hivi mume wako ana miguu minne?"

Mke alitokeza na ufagio, akaziona buti, akatupa ufagio. Hakubadili nguo, hakuvaa viatu vya maana, alivaa kandambili, akazikumbatia buti kifuani akatoka nduki. Simu ya kumpigia haikuwepo. Ya nyumba nzima ilikuwa moja tu, na ilikaa kwa bibi kwa sababu ya ugonjwa wake. Pale njia panda akasimama mbele ya fundi viatu, anahema.

"Shemeji, mume wangu kapita?"

"Kapita zamani, tena kwa madaha. Kashika kushoto."

"Kushoto?"

"Kushoto. Nikasema labda ana pa kupitia."

Mke alielewa papo hapo. Mwanamume huyo alikuwa ameishi naye, ameiosha miguu yake alipougua, na hiyo miguu aliijua kuliko mwenyewe anavyoijua. Amekwenda kiwandani. Ameamka, ameoga, amevaa, amekwenda kazini kwake.

Akasimama hapo katikati ya njia panda kwa kitambo kidogo tu, lakini kwake kilikuwa kirefu. Amkimbilie kushoto amrudishe? Watafika wote wawili wakiwa wamechelewa, buti mkononi, na yule wa benchi ameshavishwa aproni. Aende kulia? Kule aende kufanya nini, yeye si namba moja wala namba mbili, hata kufagia pale hajaitwa.

Hapo akakumbuka ndoo zake.

Mtaa wao ulikuwa na bomba moja, na maji yalikuja siku yalipojisikia. Kwa hiyo watu walipanga ndoo. Ndoo ikishapangwa, imepangwa. Mwenyewe anaweza kwenda kupika, kwenda kuuguza, hata kwenda kujifungua, akirudi anaikuta mahali pake, maana aliye nyuma ndiye anayeisogeza. Mtaa ule ulikuwa na wezi wa kuku, wezi wa viatu na wezi wa waume za watu, lakini mwizi wa foleni alikuwa hajazaliwa.

"Shemeji," alimwambia fundi viatu, "akirudi huku mwambie nimetangulia kumshikia."

Akakata kulia, kandambili zikimpiga visigino.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, kimejaa mvuke na harufu ya dawa. Kulikuwa na mashine moja kubwa ya kupiga pasi, roli mbili za moto zinazomeza shuka bichi upande huu na kulitoa kavu upande wa pili. Ilihitaji watu wawili, mmoja wa kulisha na mmoja wa kupokea. Mpokeaji, mama mmoja wa makamo, alisimama mahali pake, mikono kiunoni. Upande wa kulisha hapakuwa na mtu. Marobota ya mashuka mabichi yalikuwa yamepanda mpaka usawa wa dirisha, na Dakika alikuwa ananung'unika peke yake.

"Nilijua. Uso ule wa kunyenyekea, nikasema huyu atachelewa." Akageukia benchi lililokuwa mlangoni. "Namba mbili! Ingia."

Aliyeinuka alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, aliyeacha kupaka rangi nyumba za watu kwa sababu kifua kilikataa harufu ya rangi. Buti zake alikuwa amezivaa kabisa. Alipiga hatua moja, na kabla hajapiga ya pili, mke wa Magodoro akapita ubavuni kwake kama upepo.

"Samahani, samahani sana, mkubwa. Namba moja yupo."

"Yuko wapi?" aliuliza Dakika.

"Yuko njiani."

"Wote huwa njiani. Na wewe nani?"

"Mke wake. Nimekuja kumshikia."

"Kumshikia nini?"

"Nafasi yake, mpaka afike."

Dakika alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili zenye matope. Wafanyakazi wengine wakaacha walichokuwa wanafanya. Burudani ya aina hii haikuja kila siku.

"Mama," alisema Dakika, "hapa ni hospitali, siyo bombani."

Mke akasikia aibu imempanda usoni, ya moto kuliko mvuke wa mle ndani. Alichokuwa nacho ni buti. Akaenda mpaka kwenye mashine, akaziweka sakafuni zote mbili, sawasawa, pale pale anaposimama mlishaji, zikiitazama mashine. Kisha akamgeukia, siyo Dakika, bali yule mwanamume mrefu.

"Ndugu yangu, hizi ni zake."

Mwanamume yule aliziangalia buti. Akayaangalia marobota, ambayo yangekuwa mkate wa nyumba yake.

"Amepanga," alisema mwisho, kama mtu anayetoa jino. "Mkubwa, huyu amepanga."

"Amepanga nini? Buti hazilishi mashine!"

"Basi ngoja nizitie miguu," mke alisema, akavua kandambili akatumbukiza miguu yake ndani ya buti zile. Zilimpwaya, alionekana kama kuku aliyevalishwa soksi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Lakini tayari alikuwa ameshika ncha za shuka la kwanza.

Dakika angemtoa. Alishafungua mdomo amtoe. Ila muuguzi wa wodi ya wazazi alitokea mlangoni wakati huo huo, anafoka kwamba ana kina mama wawili wamelala kwenye mpira mtupu, na mashuka yako wapi. Dakika akafunga mdomo.

"Lisha," alimwambia mke, akimtupia aproni. "Mpaka huyu muuguzi aondoke. Halafu utanijua."

Mke alilisha. Mwanzoni shuka liliingia limejikunja, mpokeaji akapiga kelele, akalivuta upya. La pili likaenda vizuri kidogo. Muuguzi aliondoka na mzigo wake, Dakika akaangalia saa ya ukutani, akaangalia marobota, akaenda kukagua mashine nyingine ambayo haikuwa na tatizo lolote. Yule mwanamume mrefu alirudi kwenye benchi lake akaketi.

*

Baiskeli ya mlinzi ilisikika kabla haijaonekana. Magodoro aliruka ingali inakwenda, akaanguka goti moja, suruali ikachanika, akainuka, akapita benchi, akaingia mlangoni na shati limemganda mgongoni. Salamu zote alizozifanyia mazoezi zikamtoka kichwani, maana mbele ya mashine, ndani ya mvuke, alisimama mkewe.

Amevaa buti zake. Amevaa aproni yake. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni na mikono inakwenda. Hakumwita, hakumlaumu. Alimwona, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba amemwona, akashika shuka lingine.

"Mzee umefika!" mtu mmoja alipiga kelele. "Mkeo anakaribia kustaafu!"

Walicheka tena. Dakika hakucheka. Alimsogelea.

"Ulikuwa wapi?"

Njia nzima mlinzi alikuwa amemfundisha uongo: sema gari limekugonga, sema bibi amezidiwa. Magodoro alimtazama mkewe ndani ya zile buti, akaona aibu ya kusema uongo mbele yake.

"Nilikwenda kazini," alisema.

"Kazini wapi?"

"Kwenye kiwanda cha zamani. Nilitoka nyumbani nakuja hapa, miguu ikanipeleka kule. Sikujua mpaka nilipogonga mlango."

Sasa kicheko kilikuwa kikubwa, hadi mtu mmoja alilazimika kushika ukuta. Magodoro alisimama akakipokea chote, kichwa chini, kama mtu anayenyeshewa na hana pa kukimbilia. Mpokeaji peke yake ndiye aliyejifuta macho akageukia upande mwingine.

Dakika alisubiri wamalize.

"Sasa nisikilize. Mke wako hakuitwa, lakini alikimbia akafika. Hakufundishwa, lakini analisha. Wewe uliitwa, ukapotea. Nafasi hii nampa yeye." Akamgeukia mke. "Mama, umeanza kazi. Mwambie mzee akapike."

Hapo hapakuwa na aliyecheka. Magodoro aliinua kichwa, akajitahidi sana kutabasamu. "Ni vizuri," alisema. "Ni vizuri, mke wangu. Chukua. Itakuwa ile ile, tutakula." Na alimaanisha, masikini, hakukuwa na wivu ndani yake hata kidogo. Lakini mkewe aliuona uso wake, na ulikuwa ule uso wa barazani.

Mke aliachia shuka.

"Ahsante, mkubwa. Mungu akubariki kwa kunifikiria. Ila mimi nilishika foleni tu."

"Kazi ni kazi, mama! Atakula yeye, utakula wewe."

"Kula tunakula. Nafua nguo za watu, nauguza mama mkwe, kazi ninayo mpaka inanizidi. Asiye na kazi ni huyu. Nimekaa mwaka mzima na mtu anayeamka alfajiri anafunga viatu, halafu hana pa kwenda. Leo ndiyo amepata pa kwenda, kwa furaha akapitiliza. Mimi nikiichukua, kesho atafunga viatu tena, atakaa barazani. Mkubwa, sitaki mshahara wa kuja kununulia sanda."

Mashine ilikuwa inazunguka bure. Dakika alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kumpa mtu yeyote. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Namba mbili! Kisheria hii ni yako sasa. Unasemaje?"

Mwanamume mrefu alikuwa amesimama mlangoni tangu zamani, amesikia yote. Alijikuna shingo.

"Nyumbani kwangu nako ndoo zimepangwa, mkubwa. Nikirudi nimeruka foleni ya mtu, mke wangu ataniuliza nimefundishwa na nani." Akavuta pumzi. "Mimi ningechelewa, ningependa buti zangu ziachwe."

"Mmenigeuza bomba," alisema Dakika. "Mmenigeuza bomba, hospitali nzima!" Lakini alikuwa ameshashika kamba za aproni, anafungua fundo mgongoni mwa mke. "Vua buti, mama, mpe mwenyewe. Na wewe, Kiwandani, mchana hupumziki, huo muda utaufidia hapo hapo kwenye mashine. Ukipotea tena nakufunga kamba. Namba mbili, mwisho wa mwezi yule anayechambua nguo chafu anaondoka. Sikuahidi kitu. Ila pita."

Kwa hiyo Magodoro alipata jina la pili hata kabla hajagusa shuka. Alivaa buti. Zilikuwa na joto la miguu ya mkewe ndani.

Kabla hajaanza aliomba ruhusa, akamkimbilia yule mwanamume mrefu getini, ambako mlinzi wa kiwanda alikuwa bado amesimama na baiskeli yake kusubiri mwisho wa sinema. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akautikisa.

"Ndugu yangu," alisema. "Ndugu yangu."

"Haya, nenda. Usichelewe tena," mwanamume mrefu alimjibu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Roho ya namna hii sina mbili."

*

Jioni jua lilikuwa bado halijazama Magodoro alipopita njia panda akirudi. Fundi viatu alimwonyesha kwa kidole njia ya nyumbani, asije akapotea tena. Habari ilikuwa imeshafika mtaani, tena imeongezwa chumvi: wengine walisema alishakata magodoro mawili kabla ya kugundua kwamba kiwanda kimefungwa.

Bibi alimpokea kwa kelele. "Kesho nitakuandikia kifuani: Kulia! Na fundi viatu nimemtumia salamu, kila asubuhi akupigie kelele. Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Mkweo yuko wapi?"

"Kenda kuanua nguo za watu. Maji yametoka sasa hivi, na ndoo zake zimeshasogezwa mpaka karibu, hajui."

Mgongo ulikuwa unamuuma, vidole vimevimba kwa maji ya moto, na barazani kigoda chake kilikuwa mahali pake kama kila siku. Magodoro alikipita. Alikwenda bombani akasimama nyuma ya ndoo za mkewe, mwanamume peke yake katikati ya wanawake wa mtaa mzima, akaisogeza ya kwanza hatua moja.

"Haya, leo tumeingiliwa!" walisema. "Magodoro, hapa ni bombani, siyo kiwandani. Umepotea tena?"

"Sijapotea," alisema.

Mke alitokea mbio, na kapu la nguo kiunoni, akamwona. "Wewe! Toka hapo, umechoka, kaa nyumbani."

"Kaa wewe. Nimekushikia."

Wanawake walipiga vigelegele vya utani. Magodoro alingoja vikaisha. Mdomo ukamfunguka kama ulivyofunguka asubuhi, na safari hii hakuuacha ujifunge.

"Ahsante, mke wangu," alisema kwa sauti, mbele ya wote. "Leo, na mwaka mzima huu. Nilikuwa nakuona. Ahsante sana."

Maji peke yake ndiyo yaliyokuwa yanaongea ndani ya ndoo. Mke aliweka kapu chini, akainua ncha ya kitambaa chake cha kichwani akajifuta macho, akaangalia huku na huku kutafuta cha kusingizia, na vitunguu havikuwepo.